Asili ya Neno "Chai"

Mwanafunzi akiulizwa asili ya neno chai, aghalabu hujibu: "Ni la Kihindi." Hakosei sana, ila ameishia njiani. Chimbuko lake ni China, katika neno cha.

Hapo kale Wachina waliuandika mmea huo kwa herufi iliyotumika pia kwa mboga chungu. Zama za nasaba ya Tang (618–907) herufi hiyo ilipunguzwa mstari mmoja, chai ikapata herufi yake. Katika karne ya 8 Lu Yu alitunga kitabu kizima juu ya chai. Wachina huihesabu miongoni mwa vitu 7 vya lazima nyumbani, pamoja na kuni, mchele, mafuta, chumvi, mchuzi wa soya na siki.

Neno lilisafiri kwa njia mbili. Waholanzi walilichukua baharini kwa matamshi ya Fujian, te. Ndipo Wafaransa wakapata thé. Njia ya bara ilipitia kwa Waajemi, waliosema chay. Likaenea Uhindi na Uarabuni, na kwetu likawa chai. Waganda husema caayi, Wanyarwanda icyayi, Warundi icayi.

La kusikitisha ni kwamba neno hili limevishwa pia maana ya hongo. Kamusi haina budi kuiandika maana hiyo, kwani watu huisema. Lakini sisi walimu tuanze na ile ya kwanza: chai humkaribisha mgeni ndani, haikukusudiwa kuwa kodi ya mlangoni.