Risasi ya Polisi na Swali la Nani Anajibu



Kila mara polisi wanapomuua raia kwa risasi, maelezo hufuata njia ile ile. Taarifa ya kwanza husema marehemu alikuwa jambazi, au alikuwa katika kundi la wafanya fujo, na kwamba askari walilazimika kujihami. Ndugu wa marehemu husema jingine. Wananchi nao, kabla hawajaona ushahidi wowote, huwa wameshaamua wamwamini nani. Uamuzi huo hautokani na tukio la siku hiyo peke yake. Unatokana na mambo waliyoyaona wao, na waliyoyaona baba zao, kwa miaka mingi. Wiki hii nataka tuyapitie mambo hayo kwa ufupi.

Huku kwetu nyanda za kati, mtu wa kwanza mwenye bunduki ya Serikali hakuja kulinda mali ya mtu. Alikuja na Wajerumani, akakaa katika boma za Mpwapwa na Kilimatinde, na kazi yake ilikuwa kukusanya kodi, kukamata wapagazi na kuwaadhibu wabishi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo. Ikafuata njaa ya Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Wanahistoria wanakadiria kuwa watu wapatao 30,000 walikufa, katika jamii iliyokuwa na watu kama 150,000. Wazee waliosimulia njaa hiyo hawakulaumu mvua peke yake. Walimtaja pia askari aliyekuja kufungua ghala.

Katika miaka hiyo hiyo, yaani mwaka 1919, Waingereza waliunda polisi ya Tanganyika, na makao yake makuu ya kwanza yakawa Lushoto. Kwao London, tangu mwaka 1829, polisi alitembea mitaani bila bunduki, na alitakiwa apate heshima kwa kukubalika na watu. Lakini Ireland, ambako watu walikuwa hawaitaki Serikali ya Uingereza, waliunda polisi wa namna nyingine: wenye silaha, wanaokaa kambini mbali na raia, na wanaopokea amri kutoka juu. Makoloni yalipewa mfano wa Ireland, si wa London. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961 tulibadili bendera na nembo ya kofia, lakini muundo ule kwa sehemu kubwa tuliurithi. Jina lenyewe ni Jeshi la Polisi, na mpaka leo askari wengi wanakaa line polisi.

Hata hivyo, historia yetu haina aibu tupu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kulikuwa na mauaji ya wazee waliotuhumiwa uchawi, na Serikali ikaagiza msako. Maofisa wa polisi na wa usalama walikamata watu wengi, wakawatesa ili waseme, na baadhi yao wakafa wakiwa mikononi mwa dola. Habari zilipofika juu hazikufunikwa. Mwezi Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Alijiuzulu pia Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, Ndugu Peter Siyovelwa, pamoja na wakuu wa mikoa yote miwili. Baadhi ya maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani na kufungwa.

Mzee Mwinyi hakumpiga mtu, wala hakuagiza mtu apigwe. Alikubali tu kwamba waliofanya walifanya chini ya dhamana yake. Taifa halikumtupa kwa sababu hiyo. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki dunia tarehe 29 Februari 2024, kujiuzulu kule kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa kwa heshima kubwa. Wapo wanaodhani kiongozi akiwajibika atakuwa ameidhalilisha Serikali. Mfano huu unaonyesha kinyume chake.

Lakini, ndugu wasikilizaji, kujiuzulu kwa waziri hakumrudishii mfugaji ng'ombe wake. Miaka michache baada ya hapo, vijijini katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, wizi wa mifugo na ujambazi wa bunduki ulizidi. Watu walilalamika kwamba mwizi akipelekwa kituoni leo, kesho anarudi kijijini akiwacheka waliomkamata. Hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaanzisha Sungusungu wakiwa na pinde, mishale na filimbi. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawapa madaraka ya kukamata wahalifu. Sungusungu walipunguza wizi mahali pengi. Lakini wapo watu waliopigwa, kufukuzwa vijijini na hata kuuawa bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye habari tunayoisoma magazetini mara kwa mara, ya mtuhumiwa wa wizi aliyeuawa na "wananchi wenye hasira kali". Wanaomchoma moto kibaka wanasema hawana imani na polisi. Polisi anayemuua mtuhumiwa porini naye, kwa kitendo chake, anasema hana imani na mahakama. Wote wawili wameiruka sheria.

Tuangalie sasa yaliyotokea baadaye. Februari 1998 watu waliuawa kwa risasi za polisi Mwembechai, Dar es Salaam, na kilio cha kutaka tume huru hakikusikilizwa. Kidonda kile kilibaki wazi kwa miaka. Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji Zanzibar, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Kenya, hasa Shimoni. Safari hii tume iliundwa chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ikahesabu waliokufa kuwa 31. Ilikuwa hesabu chungu, lakini ilitolewa na chombo cha nchi yenyewe.

Januari 2006 polisi Dar es Salaam walitangaza kuwa wameua majambazi wanne katika mapambano. Ndugu za marehemu walikataa kunyamaza. Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Musa, nayo ikabaini kuwa watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge na wa nne dereva wa teksi. Hapakuwa na jambazi hata mmoja. Aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, Abdallah Zombe, alishitakiwa pamoja na askari wengine. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washitakiwa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimwachia tena Zombe, lakini ikamtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu kifo. Ilikuwa imepita miaka kumi.

Sisi waandishi wa habari tunamkumbuka mwenzetu Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyeuawa akiwa kazini Nyololo, Iringa, tarehe 2 Septemba 2012. Askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016. Na mwaka 2022, baada ya mfanyabiashara wa madini kuuawa Mtwara, Rais Samia Suluhu Hassan alikataa polisi wajichunguze wenyewe, akaagiza iundwe timu nyingine. Juni 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu kifo waliokuwa maofisa wawili wa polisi.

Katika kesi za Dar es Salaam na Mtwara haki haikusogea mpaka ndugu walipopiga kelele na Rais akaingilia kati. Sasa tujiulize: ni wangapi waliokufa ambao ndugu zao hawana sauti ya kufika Ikulu? Mama wa Bahi au Kondoa ambaye mwanawe amekufa mahabusu, nani atamuundia tume? Dawa yake si tume. Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, inayotaka kifo cha mtu aliye mikononi mwa dola kichunguzwe mbele ya hakimu, hadharani, na ushahidi usikilizwe. Sheria hiyo ingetumika kila mara, bila kungoja kelele, askari aliyefyatua risasi kwa haki angesafishwa na aliyeua kwa dhuluma angejulikana mapema.

Sisemi polisi wasiwe na silaha. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa Kibiti, mkoani Pwani, nao walikuwa baba na watoto wa watu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 zinakubali kuwa askari anaweza kulazimika kuua ili kuokoa maisha. Zinachokataa ni kuua pale ambapo njia nyingine ingetosha, na kuua bila maelezo.

Haya si mambo ya kale. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, palitokea maandamano na ghasia katika miji kadhaa, risasi za moto zikatumika, watu wakafa, na idadi yao ikawa ya kubishaniwa. Tarehe 14 Novemba, akifungua Bunge hapa hapa Dodoma, Rais Samia alitoa pole na kutangaza tume ya uchunguzi. Aliyeteuliwa kuwa mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ambaye mwaka 2023 aliongoza Tume ya Haki Jinai iliyotaka polisi wafanyiwe mabadiliko makubwa.

Tume kama hiyo hupimwa kwa mambo matatu. Je, ripoti yake imesomwa na wananchi, au imeishia kabatini? Je, imetaja waliokufa, na waliotoa amri? Na je, kuna aliyejibu, mahakamani au kwa kuachia ngazi kama ilivyokuwa Januari 1977? Pasipo hayo, siku nyingine polisi watakapotoa taarifa, hata iwe ya kweli tupu, mwananchi hataiamini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa imani hujengwa polepole sana.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane wiki ijayo.