Fahamu 'Double Indemnity', riwaya ya wakala wa bima aliyetaka kuiibia kampuni yake mwenyewe

Kama unapenda stori za upelelezi ila umewachoka polisi wenye bastola, hii inakuhusu. Mpelelezi wa riwaya hii anashinda ofisini, ni mnene, mwepesi wa kukasirika, na silaha yake kubwa ni majedwali ya takwimu.

Double Indemnity iliandikwa na James M. Cain, Mmarekani aliyetokea kwenye uandishi wa magazeti. Ilitoka kwanza mwaka 1936 kwa vipande katika jarida la Liberty, kisha mwaka 1943 ikaingia kwenye kitabu kimoja na hadithi zake nyingine mbili. Ni fupi. Ukiianza baada ya chakula cha usiku unaweza kuimaliza kabla hujalala, na pengine usingizi usije haraka.

Stori iko hivi. Walter Huff ni wakala wa bima jijini Los Angeles. Siku moja anapita nyumbani kwa mteja wake, bwana Nirdlinger, kumkumbusha kwamba bima ya magari inakaribia kuisha. Mzee hayupo, anapokelewa na mkewe, Phyllis. Maongezi yanaanza na bima ya gari, yanahamia kwenye bima ya ajali ya mume. Halafu linakuja swali: inawezekana kumkatia bila yeye mwenyewe kujua?

Kwa wakala yeyote mwenye uzoefu, hiyo ni kengele. Huff anaisikia vizuri kabisa. Shida ni kwamba inamvutia. Ndiyo, mwanamke kampagawisha, lakini kuna kingine zaidi. Miaka yote jamaa amewaona wateja wakijaribu kuipiga kampuni na kunaswa, anajua walikosea wapi, na sasa anataka kuona kama yeye anaweza kufanya bila kosa. Anaifananisha bima na kamari: wewe unaweka dau kwamba nyumba yako itaungua, kampuni inaweka dau kwamba haitaungua. Yeye ni mfanyakazi wa meza ya kamari aliyeanza kuwaza namna ya kuifilisi meza.

Jina la riwaya linatokana na kipengele cha mkataba: fidia maradufu. Kwa aina fulani za ajali, ikiwemo ya treni, kampuni inalipa mara mbili. Kwa nini treni? Kwa sababu watu waliiogopa lakini haikuwa ikiua abiria kiasi hicho, hivyo ahadi hiyo ilivutia wateja bila kuigharimu kampuni sana. Bima ya Nirdlinger ni dola 25,000. Akifia kwenye treni, inakuwa 50,000. Ndiyo maana wawili hawa wanaamua lazima iwe treni.

Mume anasainishwa fomu akidhani ni mambo ya gari. Baadaye anavunjika mguu, anafungwa P.O.P na kutembelea magongo, na hilo linawarahisishia kazi. Huff anafunga mguu wake vivyo hivyo, anapanda treni kama ndiye Nirdlinger, anakwenda kibarazani nyuma ya behewa la mwisho, kisha anaruka. Wakati huo mwenye tiketi alishauawa ndani ya gari wakielekea kituoni. Maiti inalazwa relini. Ukiitazama harakaharaka, ni abiria mwenye magongo aliyeteleza.

Hapa ndipo anaingia Keyes, mkuu wa idara ya madai, na kwa maoni yangu ndipo riwaya inapokuwa tamu kweli. Bosi wa kampuni anataka kusema marehemu alijiua, maana aliyejiua halipwi. Keyes anamkatalia. Anayo majedwali ya watu waliojiua, yamepangwa kwa kazi, kwa jinsia, kwa mahali, kwa njia waliyotumia. Kwenye yote hayo, kujirusha kutoka nyuma ya treni inayokwenda polepole hakupo. Anayetaka kufa hachagui njia ambayo huenda ikamwachia michubuko tu. Sasa kama si kujiua, na ajali nayo inatia shaka, kinabaki nini? Keyes hajaenda hata relini, na tayari anasema ni mauaji.

Na nani amekaa kikaoni akimsikiliza? Huff. Presha yote ya kitabu iko hapo: muuaji na mpelelezi ni watu wa ofisi moja, na mmoja anasikia mwenzake akisogea hatua kwa hatua. Mwisho hatukusimulii.

Dosari? Phyllis. Mwanzoni ni mtu unayeweza kumwelewa, lakini kadiri kurasa zinavyokwenda Cain anamrundikia uovu mpaka anakuwa kama shetani wa kwenye ngano.

Nyuma ya riwaya kuna damu ya kweli. Machi 1927, New York, Albert Snyder, mhariri wa picha wa jarida la boti, aliuawa nyumbani kwake na mkewe Ruth akishirikiana na mpenzi wake Judd Gray, muuzaji wa nguo za ndani za kike. Kabla ya hapo Ruth alikuwa amemsainisha mumewe bima kubwa bila kumweleza ukweli, nayo ilikuwa na kipengele hicho hicho cha kulipa mara mbili. Walijifanya wamevamiwa na wezi, lakini polisi wakavikuta vito "vilivyoibwa" chini ya godoro. Wote wawili walinyongwa? Hapana, ilikuwa kiti cha umeme, gereza la Sing Sing, Januari 12, 1928. Cain wakati huo alikuwa akiandikia gazeti la New York World, jijini humo humo.

Filamu yake ilichelewa kwa sababu wakaguzi wa maadili wa Hollywood waliiona stori kuwa chafu mno. Ilitoka mwaka 1944, ikiongozwa na Billy Wilder, aliyeandika mswada pamoja na Raymond Chandler, na wawili hao hawakuelewana hata kidogo. Huff akabadilishwa kuwa Walter Neff, na Edward G. Robinson akacheza Keyes. Iliteuliwa kuwania Oscar saba, haikupata hata moja.

Ukiiangalia, subiri pale Keyes anapokwenda usiku nyumbani kwa Neff, tumbo likimsumbua, kisa swali dogo tu: huyu mtu alikuwa na bima ya ajali, akavunjika mguu, mbona hakuja kudai? Neff yupo hapo hapo, na Phyllis yuko njiani anakuja.