Ukuti na kuti kavu

Nilikulia Iringa, mbali na bahari, na nikaimba "Ukuti" miaka mingi kabla sijauona mnazi. Jioni tulishikana mikono, tukafanya duara, tukazunguka. Wimbo ukiisha, wote chini! Aliyechelewa kuchuchumaa alichekwa. Hakuna aliyeuliza ukuti ni kitu gani. Mimi nilidhani ni neno la mchezo tu, halina maana.

Kumbe lina ukoo mkubwa. Ukuti ni jani la mnazi. Likikauka, au likitayarishwa kwa kuezekea, ni kuti. Yakiwa mengi, makuti. Likisukwa lingali bichi huitwa kumba. Na vile vijiti vyembamba vya katikati ya majani ndivyo chelewa: vikusanye, vifunge, umepata ufagio.

Bara tumelipokea neno hili kwa mlango mwingine, kurasa za michezo. Kocha akifungwa mechi tatu mfululizo, husemwa amekalia kuti kavu. Msemo huo ni wa mkwezi: kuti bichi humstahimili, kavu hukwanyuka bila kupiga hodi. Wengi wanaoutumia hawajawahi kupanda hata mpera.

Nilipofika Bagamoyo mara ya kwanza, tayari mtu mzima, nilisimama chini ya mnazi nikishangaa urefu wake. Upepo ukavuma. Juu kukasikika mkwaruzo, na kuti likatua hatua mbili kutoka nilipo. Nilijikuta nimechuchumaa, kama zamani.