Kaburi la Nyali na kijana aliyeitwa Isaka

Leo niazime dakika chache nikupeleke Pwani, na hatuendi kuogelea.

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, kuna kaburi la mama mmoja aliyeitwa Rosine. Alifariki Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua mtoto msichana. Mtoto naye hakukaa, akamfuata mamake. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alikuwa mwenyewe ameshikwa na homa. Walikuwa wamekaa Mombasa miezi michache tu. Na huo haukuwa msiba wao wa kwanza. Walipokuwa katika safari za Uhabeshi walimzika mtoto mwingine njiani, wakampa jina Eneba, maana yake chozi.

Krapf alipopata nguvu ya kushika kalamu, aliwaandikia waliomtuma. Nikifikiria barua hiyo huwa najiuliza mimi ningeandika nini. Nadhani ningeomba nauli ya kurudi nyumbani. Yeye aliwaambia kwamba kaburi lile la upweke pwani ya Afrika Mashariki ni ishara kuwa kazi imeanza, na kwamba saa ya bara hili kufikiwa na Injili inakaribia. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baada ya mazishi aliendelea na tafsiri.

Usifikiri alikuwa malaika. Alikuwa mtu mwenye haraka na mipango mikubwa kuliko mfuko wake. Aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani moja ya Afrika hadi nyingine. Lakini shika hili: alipoandika barua ile hakuwa na mwamini hata mmoja wa kumwonyesha mtu.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alikuja kumsaidia, na Agosti mwaka huo walipanda Rabai, kwa Wamijikenda, wote wawili wakiwa na homa. Wazee wa Rabai waliwapokea vizuri, wakawapa mahali pa kukaa. Lakini kumpokea mgeni ni jambo moja, na kumpokea Mungu wake ni jambo lingine. Vitabu vya shule vinawakumbuka hawa wawili kwa milima: Rebmann kuiona Kilimanjaro 1848, Krapf kuuona Mlima Kenya 1849, kana kwamba Wakamba hawakuwa wakiuona siku zote. Ni mzee Kivoi wa Kitui aliyempokea Krapf katika safari ile. Lakini milima si habari yangu ya leo.

Habari yangu ni mtu anayeitwa Mringe.

Mringe alikuwa mlemavu. Hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa mifugo. Alisikiliza, akaamini, na mwaka 1851 akabatizwa akiwa karibu kufa. Hesabu nami, mpendwa. Tangu Krapf afike Mombasa hadi hapo ni miaka saba. Makaburi ni mengi, ubatizo ni mmoja, na aliyebatizwa naye akafariki. Sisi wahubiri wa siku hizi tunaopenda kutangaza idadi ya waliookoka kwenye krusedi, ripoti kama hiyo tungeificha chini ya godoro.

Ila kabla hajafariki, Mringe alikuwa amefanya jambo moja. Alikuwa amemshirikisha Mgiriama mmoja aitwaye Abe Gunja yale aliyoyapokea. Basi. Mtu mmoja kwa mtu mmoja, hakuna jukwaa wala vipaza sauti.

Krapf aliondoka mwaka 1853, afya ikiwa imevunjika. Rebmann akabaki Rabai. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Abe Gunja alibatizwa, na hakuja peke yake. Alikuja na mwanawe, Nyondo. Baba akachukua jina la Abrahamu, na mwana akaitwa Isaka.

Hapo huwa nasimama. Unajua Biblia yako. Unajua kwa nini mtu angetamani majina hayo mawili yafuatane. Aliyeahidiwa uzao kama nyota ndiye yuleyule aliyemwona mtoto mmoja tu wa ahadi hemani mwake. Waebrania 11 inasema kina Abrahamu walikufa wakiwa wameziona ahadi kwa mbali tu. Sasa tazama Isaka wa Rabai alifanya nini.

Rebmann alikaa Pwani miaka 29. Alizika mtoto na mke. Mwishowe akawa karibu kipofu, amezungukwa na makaratasi ya kamusi za lugha zetu, na waumini wake bado unawahesabu upesi. Mwaka 1875 alipolazimika kurudi Ulaya hakuweza kusafiri peke yake. Aliyefuatana naye mpaka Ujerumani ni Isaka Nyondo. Yule aliyekuja na taa sasa anaongozwa njia, na anayemwongoza ni mwana wa mtu aliyeambiwa habari za Yesu na mlemavu wa Rabai. Rebmann alifariki mwaka uliofuata. Nyondo alirudi nyumbani akaendelea kufundisha Neno.

Krapf naye alifariki Novemba 1881, Korntal, Ujerumani. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa 1882, yeye hakuishika mkononi. Mwaka 1885, William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliookolewa utumwani wakasomeshwa India na kuja kutumika Rabai, waliwekewa mikono na Askofu Hannington kuwa mashemasi. Krapf hakuwaona wakisimama mbele ya kanisa. Rosine hakuona chochote kabisa.

Wengine mtasema, Pasta, hao ni Waanglikana, sisi ni Wapentekoste. Najua. Tunapenda historia yetu ianze siku kanisa letu liliposajiliwa. Lakini Injili ilipokuwa ikitafuta njia ya kumfikia nyanya yako, ilipita katika mikono ya watu usiowajua.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Juzi tukiwa mezani aliniuliza, "Baba, mbona kanisani unaomba kwa nguvu na hapa unaomba kama mtu anayekimbilia basi?" Mamake aliinamia sahani. Sikuwa na jibu. Nimewahubiri watoto wa watu wengine kwa miaka, na huyu wa kwangu anapima imani yangu kwa sekunde ninazompa Mungu kabla ya ugali.

Najua si mimi peke yangu. Wazazi mnaniandikia usiku: binti ameenda chuo ameacha kanisa, kijana anasema dini ni biashara. Zaburi ya 78 inasema tusiwafiche watoto wetu matendo ya Bwana, ili nao wawaambie watoto wao ambao bado hawajazaliwa. Lakini wengi wetu tumewaachia walimu wa Sunday school saa moja kwa wiki, halafu tunashangaa. Mtoto anajua ulivyopata kiwanja. Je, anajua ulivyookoka? Umewahi kumsimulia, ukiwa umekaa, bila kumgombeza?

Na wewe uliyefanya hayo yote na mtoto bado yuko mbali, sikukemei. Rosine alilala Nyali bila kuona jani moja likichipuka. Mungu hakuwa amechelewa. Mringe alikuwa yu hai wakati huo huo, kilomita chache tu kutoka pale, na hakuna aliyejua jina lake.

Jumanne jioni nilikaa na kijana wangu nyuma ya nyumba, nikamweleza usiku niliompa Yesu maisha yangu, pamoja na yale ya kuaibisha ambayo huwa siyasemi madhabahuni. Hakusema mengi. Aliuliza maswali mawili, magumu yote mawili, na moja nimemwahidi tutalitafuta pamoja.

Jumatano tukikutana kwa maombi, njoo na jina la kijana mmoja umeliandika kwenye karatasi. La kwangu nimeshaliandika.