Upasuaji wa varikosele

Upasuaji wa varikosele ni matibabu ya kufunga vena zilizopanuka ndani ya mfuko wa korodani. Hali hiyo huwapata takriban asilimia 15 ya wanaume, hasa upande wa kushoto.

Wengi hawahitaji upasuaji. Hupendekezwa kama kuna maumivu ya kudumu, korodani ya kijana haikui vizuri, au mwanamume hapati mtoto na vipimo vinaonyesha kasoro katika manii.

Mgonjwa hupewa nusukaputi au ganzi. Daktari hupasua sehemu ndogo kwenye kinena, mara nyingi akitumia hadubini, na kufunga vena hizo bila kugusa ateri wala mishipa ya limfu. Damu huendelea kurudi moyoni kupitia vena nyingine.

Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Maumivu na uvimbe kidogo hutarajiwa. Kazi nzito huepukwa kwa wiki chache. Matatizo yanayoweza kutokea ni busha, maambukizi au varikosele kurudi.

Kwa kuwa mbegu za kiume huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, manii hupimwa tena baada ya miezi 3 hivi. Hata zikiongezeka, mimba haina uhakika.