Gari Linamisi, na Habari za Bwana Kettering

Jumamosi iliyopita kulipokucha nilikuwa tayari nimeinama chini ya bonneti. Gari la mzee, la mwaka 1978, lilianza kumisi wiki ya Pasaka. Likisimama kwenye foleni linatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ukikanyaga mafuta linakwamakwama, sailensa inapiga mlio watoto wa jirani wanashangilia. Gereji niliyolipeleka kwanza walibadilisha vitu vitatu, wakachukua pesa, na gari likarudi nyumbani na kumisi kwake kulekule. Ndipo nikamwita mjomba, mtu aliyemaliza ujana wake kwenye gereji bubu za Dar tangu mwaka 1984.

"Mjomba, usifungue kitu," akaniambia. "Sikiliza kwanza."

Tukaliwasha. Akachukua koleo yenye mpini wa mpira, akawa anachomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma. Ukichomoa waya na mlio ukabadilika, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, mchawi ni yeye. Ya tatu ilichomolewa na injini haikujali hata kidogo. Tukazima, tukafungua plagi, ikatoka nyeusi na imelowa petroli. Mjomba akaisugua kwa brashi ya waya, akaipuliza kwa mdomo, halafu akasema kitu ambacho kimenikosesha usingizi wiki nzima.

"Zamani plagi hazikuwa hivi. Zilikuwa zinatoka na ukoko wa kijivu, mwingine kama njano. Tunakwangua, tunapuliza, kazi inaendelea."

Ukoko huo nitaurudia, maana gari lilikuwa bado halijapona. Kwenye sailensi lilitulia, lakini ukikanyaga mafuta linamisi. Hapo mjomba akafungua kifuniko cha distribyuta na kunionyesha vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, mafundi wanaviita pointi. Kila vinapoachana, umeme wa volti 12 unakatika ghafla kwenye koili, na mkatiko huo unazaa umeme wa zaidi ya volti 20,000 unaoruka kwenye ncha ya plagi. Piga hesabu mwenyewe: injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinaachana mara 100 kila sekunde. Zetu zilikuwa zimeliwa, moja ina shimo, nyingine kichuguu. Ndiyo maana cheche zilikuwa zinapotea.

Mtandao huu wa koili, betri na pointi una mwenyewe. Anaitwa Charles Kettering, Mmarekani aliyezaliwa Ohio mwaka 1876. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya mashine za kuhesabia fedha mjini Dayton, na jioni alikuwa anajifungia na wenzake kwenye banda la mwenzake Edward Deeds kufanya majaribio ya magari. Kwa hiyo, ndugu zangu mnaodharau mafundi wa uani, hii teknolojia yenyewe ilizaliwa uani. Cadillac za mwaka 1910 ndizo zilizotoka na mfumo wake wa kuwashia. Zile za 1912 zikatoka na stata ya umeme, kazi yake pia, ikawa mwisho wa ile hendeli ya kuzungusha kwa mkono iliyokuwa ikirudi nyuma na kuvunja watu mikono.

Kisha injini zikaanza kugonga. Mafuta yalikuwa yanalipuka hovyo ndani ya silinda, na wapo waliosema kosa ni la mfumo mpya wa Kettering. Yeye aliamini tatizo ni petroli yenyewe. Akamkabidhi kazi kijana wake, Thomas Midgley, atafute kitu cha kuchanganya na petroli. Tarehe 9 Desemba 1921 Midgley akajaribu kiwanja fulani cha risasi, na injini ikanyamaza. Walikuwa wanajua kwamba hata pombe ya kuchanganya ingeituliza. Lakini pombe anaweza kupika yeyote, huwezi kuimiliki. Ile ya risasi waliweza kuiwekea hataza. Mwaka 1924 ikaundwa kampuni ya kuiuza, Kettering akiwa rais wake, na bidhaa ikaitwa Ethyl. Neno risasi halikuwemo kwenye jina.

(Sisi tunaozungumza Kiswahili wasingetudanganya kirahisi. Kwetu madini hayo na kinachotoka kwenye bunduki vina jina moja.)

Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kuchanganyikiwa akili kwa sumu hiyo. Mwisho wa mwezi huohuo Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kiwanja kile mbele yao na kunusa mvuke wake, kuonyesha kuwa ni salama. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Florida kupumzika kwa sababu ya sumu ya risasi. Mimi ni mwandishi wa habari, nimehudhuria mikutano ya namna ile. Najiuliza ningeandika nini siku hiyo.

Sasa turudi kwenye ukoko. Risasi ikiungua inaganda kwenye plagi na valvu, na plagi iliyoganda inamisi. Wenye kampuni walilijua hilo mapema, wakaongeza kemikali nyingine ili risasi itoke pamoja na moshi. Plagi ikapata nafuu, na risasi ikaenda barabarani, kwenye vifua vya watu na udongo wanaochezea watoto. Iliyobaki kwenye plagi ndiyo mjomba alikuwa anaikwangua na kuipuliza.

Marekani iliacha kabisa kuiuza kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Huku kwetu ilikuwa bado inamiminwa. Juni 2001 nchi za kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuachana nayo, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiondoa. Ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Ukihesabu tangu 1984, mjomba alifanya kazi na petroli ile zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa anaoshea nati, anaoshea mikono kabla ya kula, na akitaka kutoa mafuta kwenye tangi ananyonya mpira kwa mdomo.

Nikamuuliza kama kuna mtu aliwahi kuwaambia.

"Nani atuambie? Tulikuwa tunaambiwa hii ina nguvu."

Hajawahi kupimwa damu kuangalia risasi. Ana presha. Risasi inajulikana kupandisha presha kwa watu wazima, lakini presha ina sababu nyingi, na mjomba anapenda chumvi, kwa hiyo siwezi kuandika hapa kwamba ni Dayton waliomletea.

Pointi tulizisawazisha kwa tupa ndogo, akapima nafasi kwa kibamba cha chuma cha milimita 0.4, akafunga. Gari likawaka mara moja, na ukikanyaga linaitika. Akasema hizo pointi ni za kutufikisha mwisho wa mwezi tu, ninunue mpya.

Kilichobaki kilikuwa kutoa petroli chafu iliyokaa kwenye tangi. Mjomba akakata kipande cha mpira, akauingiza, na bila kufikiri akapeleka ncha mdomoni. Nilikuwa nimenunua pampu ndogo ya mkono, nikamnyooshea.

"Kizazi chenu mna maringo," akasema, akacheka. Lakini mpira aliuweka chini, akakaa kwenye ndoo akinitazama nikipampu.