UZI: Mkimbizi ni nani hasa? Kutoka Mto Rusizi hadi kwetu Masimba

1/ Kila kampeni zikipamba moto, swali hili linarudi: wakimbizi wapokelewe ama mpaka ufungwe? Sitaji mwanasiasa wala chama. Naweka historia mezani ndio tubishane tukijua tunachobishania.

2/ Tuanze na juzi tu. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, watu wa Kivu Kusini walikimbilia Burundi. Mbele yao kulikuwa na Mto Rusizi, ule unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Wengine walivuka kwa vyelezo vya kuungaunga. Wapo waliozama. Ndani ya wiki chache zaidi ya watu 40,000 walikuwa wameingia Burundi, na wengi walilala kwenye uwanja wa mpira kule Rugombo.

3/ Si mara ya kwanza mto kuamua maisha ya watu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo, juu ya Mto Kagera, kwa saa 24 hivi. Chini yao maiti zilikuwa zinaelea. Tanzania iliwapokea Ngara.

4/ Sasa angalia. Machi 1995 Tanzania hiyo hiyo ilifunga mpaka wake na Burundi, ikisema mzigo umezidi. Na mwaka 2014 Tanzania hiyo hiyo ikawapa uraia Warundi kama 162,000 waliokimbia mauaji ya 1972 na vizazi vyao. Kwa hivyo anayekuambia nchi fulani "hupenda wakimbizi" na nyingine "huwachukia" anakurahisishia mambo kupita kiasi.

5/ Kenya je? Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kufunga Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ikakataa: kuwarudisha watu kwa nguvu kunakiuka Katiba. Mtu akikuahidi jukwaani kwamba atafunga kambi "siku ya kwanza", muulize mahakama ataipitia wapi.

6/ Na hapa ndipo inatuhusu sisi wa Masimba. Baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na wengine kama 600,000 wakahama makwao. Abagusii wengi walirudi huku kutoka Bonde la Ufa, wengine na nguo za mwilini tu. Hao hawakuitwa wakimbizi. Mkataba wa 1951 unataka mtu awe nje ya nchi yake. Wetu walikuwa "wakimbizi wa ndani".

7/ Hofu ni ile ile, moto uliochoma nyumba ni ule ule. Tofauti ni mstari wa mpaka. Na kwa sababu wengi walipokelewa na ndugu badala ya kukaa kambini, hawakuonekana kwenye picha za mahema. Malalamiko ya fidia yamedumu miaka na miaka.

8/ Kwa hivyo kabla hujaandika "warudi kwao", kumbuka kuna wakati sisi pia tuliambiwa turudi kwetu, ndani ya nchi yetu wenyewe. Bishana kuhusu gharama, usalama, kazi. Hayo ni maswali halali kabisa. Lakini usibishane kana kwamba kukimbia ni tabia ya watu wa mbali.